Jina la Baba Mkwe

Mokeira alikuwa akichuma chai yake pale Ikonge, majani mawili na kichipukizi, kama kila asubuhi. Kikapu hakijafika nusu, binti yake Kemuma akaja mbio na barua.

"Mama, ni ya baba, kutoka Uganda."

"Nisomee."

Alfayo alikuwa amefanya kazi miaka tisa huko, kwenye shamba la miwa. Aliandika: "Wageni wanarudishwa makwao. Jina langu halimo katika orodha ya Wakenya. Ulilipeleka?"

Mokeira akatua kikapu. Alikuwa amelipeleka.

Kesho yake alikuwa Kisii mjini, mbele ya Benter, karani wa orodha hiyo, mtu wa upande wa ziwani.

"Uliandikisha 'Alfayo, baba Kemuma,'" Benter alisema. "Mama, akina Alfayo tunao wa kujaza basi. Huyu ni mwana wa nani?"

Mokeira akainamisha macho. Kwa Wakisii, mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Tangu aolewe, jina hilo lilikuwa halijapita mdomoni mwake.

Benter akaelewa, akapunguza sauti. "Sikiliza. Balozi wetu amezungumza na serikali ya kule. Imeahidi kwamba aliye katika orodha ataendelea kukaa na kufanya kazi. Lakini balozi hawezi kumwombea mtu asiyejua ni nani. Orodha inafungwa Ijumaa."

Jioni Mokeira alisimama mbali kidogo na mkwewe. Mguu wa mzee ulikuwa umevimba, safari haiwezi. Akamweleza yote huku akitazama chini.

Mzee akacheka. "Jina langu halina meno, Mama Kemuma. Nenda ukalitaje."

Alhamisi Mokeira alishika meza ya Benter kwa mikono miwili.

"Alfayo," alisema. Jasho likamtoka. "Alfayo, mwana wa Nyasani Mogaka."

Benter akaandika, akamsomea tena polepole.

Baada ya miezi miwili barua nyingine ikaja. Kemuma akaisoma uani: "Nimepewa karatasi ya kukaa, ina muhuri. Sirudishwi." Majirani walipiga vigelegele mpaka ndama wa mmoja wao akakata kamba.

Mzee akafika na mkongojo wake. Hakuingia, maana baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Alisimama nje ya mlango, akakohoa.

"Mama Kemuma."

"Ee, Tata," Mokeira aliitika, akimwita baba kwa Kikisii.

"Miaka kumi na miwili uko hapa, na neno hili sijawahi kukwambia. Hapa ni kwako. Hakuna wa kukuondoa."