Gunia Dirishani

Kule Kang'ata, wivu wa Fatu uliamka kabla ya jogoo. Kabla hajawasha moto, kabla hajasukutua kinywa, alichungulia nyumba ya pili ya ua wao kuona kama moshi umeanza kutoka. Ukitoka mapema, alinuna. Ukichelewa, alinuna vilevile.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Shamsia, mke mdogo wa Muhsin. Muhsin alikuwa amekaa na Fatu miaka mingi, wakazaa watoto, watoto wakakua na kwenda kwenye miji yao. Ndipo alipokwenda Korogwe akarudi na Shamsia. Shamsia alikuwa kijana na mcheshi, na wali wake haukushikana hata siku moja. Hilo la wali lilimuuma Fatu kuliko yote.

Muhsin aligawa siku zake kwa haki. Siku mbili kwa bi mkubwa, siku mbili kwa bi mdogo. Mwenye zamu ndiye aliyempikia mume na ndiye aliyelala naye. Zamu ikiwa ya Shamsia, binti yake mdogo, Maryamu, alihamia kwa Fatu kulala. Ndivyo walivyozoea. Maryamu alimwita Fatu Mama Mkubwa. Na Fatu, pamoja na kinyongo chake chote, alimpenda mtoto yule kama aliyemzaa mwenyewe.

Wakati wa kuvuna ufuta Fatu alianza kukohoa. Alisema ni vumbi. Ufuta ukaisha, vumbi likaisha, kikohozi kikabaki. Jioni alipata homa. Usiku aliloa jasho hata kukiwa na baridi. Magauni yakaanza kumpwaya.

Siku moja Muhsin akamwuliza, "Fatu, hicho kifua vipi?"

"Vumbi tu, baba."

"Basi nikae kwa Shamsia kwanza, wewe upumzike mpaka upone."

Muhsin alisema kwa wema. Lakini neno lile lilimwingia Fatu kama mwiba. Nipumzike? Ndilo wanalolisubiri! Nikiugua, zamu zangu zote zinakwenda kwa yule wa Korogwe, na nikipona sizipati tena.

"Mimi mzima," akasema. "Zamu yangu ni yangu."

Tangu siku hiyo akaanza kuficha kikohozi. Muhsin akiwepo, alikwenda kukoholea nyuma ya jiko, kanga mdomoni. Zamu ikiwa ya Shamsia, alijifungia ndani akakohoa mpaka mbavu zikamuuma. Lakini nyumba zao zilikaribiana, dirisha lilitazamana na dirisha. Fatu akachukua gunia la ufuta, akaliziba dirisha lake lote. Sasa Shamsia hatasikia kitu, alijiambia. Ndani hewa ikawa nzito. Maryamu alilala humohumo, pembeni yake.

Gunia halikumdanganya Shamsia. Aliona kanga zinazoanikwa kila asubuhi, aliona mashavu ya Fatu yalivyoingia ndani. Hakumwambia mume. Alimwendea Hosiana, mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo aliyefundishwa kazi hiyo na watu wa zahanati.

"Hodi hapa!" Hosiana akaita asubuhi moja.

"Karibu," Fatu akajibu. Akamwona Shamsia nyuma ya mgeni. Uso ukabadilika.

"Nimesikia unakohoa, dada," alisema Hosiana. "Kikohozi kikizidi wiki mbili hatukiachi hivihivi. Kinaweza kuwa kifua kikuu. Nakuachia kikopo hiki. Kesho asubuhi weka makohozi, nitapita kuchukua."

Alikuwa na nyumba nyingine nyingi za kupitia siku hiyo. Akaaga, akaondoka.

Fatu akamgeukia mke mwenzake. "Umekwenda kunitangaza?"

"Hapana, dada. Nimeogopa tu."

"Umeogopa nini? Ungeshangilia!"

Kesho yake Fatu aliketi na kikopo mkononi, akafikiri. Akapata akili, au alidhani ni akili. Akakusanya mate mdomoni, meupe, mepesi, akatema. Akafunga kifuniko vizuri. Kikopo kikapelekwa zahanati, kutoka hapo kikasafirishwa kwa pikipiki mpaka hospitali ya Handeni, penye mashine ya kupima. Majibu yakarudi kwamba vimelea vya kifua kikuu havikuonekana.

Fatu alitembea ua mzima siku hiyo. "Umesikia, Muhsin? Hospitali imesema! Mimi mzima. Wenye kuniombea maradhi wajipange upya."

Muhsin akatazama viatu vyake. Wake zake wakianza, yeye hutazama viatu.

Miezi ikasogea. Fatu akazidi kukonda. Halafu likaja jambo ambalo hakulitarajia. Maryamu akaanza kukohoa.

Kwanza aliacha kukimbia na wenzake. Kisha akaacha uji. Akawa anakaa mlangoni kwa Fatu, kichwa kwenye magoti, jioni mwili ukiwa wa moto. Fatu alimbeba, akamwona mwepesi mno.

Mchana mmoja Shamsia alikuja akasimama mlangoni. Hakusema shikamoo kama ilivyo desturi yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Dada, chukua zamu zangu."

"Unasema nini wewe?"

"Zamu zangu zote. Muhsin akae kwako mwaka mzima, miaka miwili, mimi sitasema kitu. Lakini kapime tena. Mwanangu analala kwako, nawe unakohoa. Mimi sitaki zamu yako. Namtaka mwanangu."

Fatu alifungua mdomo ajibu kama kawaida yake. Lakini aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atake ardhi imfunike. Mwenzake alikuwa tayari kutoa kile ambacho yeye alikuwa tayari kukifia.

"Shamsia," akasema taratibu, "nilitema mate."

"Mate gani?"

"Kwenye kikopo. Hayakuwa makohozi. Kamwite Hosiana."

Hosiana alipofika na kusikia habari ile, hakumgombeza. Alikaa kwenye kigoda akashusha pumzi.

"Kosa lingine ni langu," akasema. "Nilikuachia kikopo na kwenda zangu. Sikukuonyesha, na majibu yalipokuja sikurudi kuuliza kama bado unakohoa. Mate hutoka mdomoni, hayasemi kitu. Makohozi hutoka ndani kabisa ya kifua. Kesho sitakuachia, nitasimama na wewe."

Akainuka kuaga. Ndipo alipoona dirisha.

"Gunia hili la nini?"

Fatu akainama. "Ili wasinisikie nikikohoa."

"Dada yangu! Kifua kikuu kinasafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, vimelea vinaelea, na mwenzake anavivuta. Nyumba ikiwa wazi, upepo unavitoa. Ukiziba, vinabaki ndani na aliyemo."

Hakuna aliyemtaja Maryamu. Fatu aliinuka mwenyewe, akalivuta gunia kwa mikono miwili, likaanguka na vumbi lake.

"Basi hata kikombe chake tukitenge?" Muhsin akauliza. Alikuwa amesimama uani kitambo.

"Kikombe hakina kosa, wala sahani. Fungueni madirisha, na akikohoa azibe mdomo. Mtoto asilale naye kwa sasa. Na nyote mje zahanati, maana mnaishi ua mmoja."

Asubuhi yake, kabla ya kula chochote, Fatu alisukutua kinywa kwa maji. Hosiana akamtoa nje, mbali na watu, penye upepo. "Vuta pumzi ndefu. Toa. Vuta tena. Sasa kohoa kutoka chini." Fatu akakohoa. Safari hii kikopo kilipata makohozi mazito.

Majibu hayakuchelewa. Vimelea vilikuwepo. Maryamu alipelekwa Handeni akapimwa, akapigwa picha ya kifua pia. Naye alikuwa na kifua kikuu. Muhsin na Shamsia hawakuwa wagonjwa. Wakapewa dawa za kinga.

"Kinapona," daktari wa zahanati aliwaambia. "Dawa ni bure. Ila ni miezi sita, kila siku, bila kuruka, hata ukijiona umepona. Ukikatisha, vimelea vinakuwa sugu. Sasa, nani atakusimamia umeze kila siku?"

Muhsin alikuwa mtu wa kupeleka machungwa Segera, asubuhi hakai nyumbani. Akatazama viatu.

"Mimi," alisema Shamsia.

"Huyu?" Fatu akaruka. Lakini hakukuwa na mwingine.

Hivyo kila asubuhi Shamsia alivuka ua akiwa na kikombe cha maji. "Shikamoo dada." "Marahaba." Fatu anameza, Shamsia anatazama. Kisha Shamsia anakwenda kumpa Maryamu dawa zake, zile za watoto zinazoyeyuka kwenye maji.

Asubuhi ya pili kelele zikasikika kutoka chooni.

"Shamsia! Umenitilia nini kwenye maji? Mkojo mwekundu! Umeniua!"

Shamsia alikimbia kumwita Hosiana huku analia na kucheka.

"Dada, daktari si alikuambia?" Hosiana akasema. "Dawa hizi hugeuza rangi ya mkojo. Haina madhara. Siku ile ulikuwa unasikiliza nini?"

Fatu alikuwa anamsikiliza Shamsia akicheka na Muhsin nje ya mlango, lakini hilo hakulisema.

Dawa zikafanya kazi. Homa ikakatika, jasho likakauka. Zahanati ilipothibitisha kwamba Fatu haambukizi tena, Maryamu akarudi kulala kwa Mama Mkubwa. Siku moja akaomba uji, akaomba na wa pili, akatoka mbio kuwafukuza kuku. Fatu alikaa kizingitini akamtazama mpaka machozi yakamshuka. Miezi sita ilipotimia walipimwa tena, wote wawili wazima. Zile zamu alizoahidi kutoa, Shamsia bado alizitaka, na Fatu alimwachia bila kuombwa, ingawa kwa mdomo mrefu.

Jioni moja baadaye ilikuwa zamu ya Shamsia. Maryamu alikuwa amekwisha lala kwa Fatu, anapumua vizuri. Kutoka dirisha la pili ikaja harufu ya wali, kisha kicheko cha Muhsin, kirefu, cha mtu aliyeshiba. Wivu ukamshika Fatu palepale, uleule wa zamani. Huo haukuwa umepata dawa. Akainuka, akaenda dirishani, akashika ubao wa kufungia.

Akamtazama mtoto. Akauachia ubao.

"Muhsin!" akapaza sauti. "Cheka polepole, mtoto kalala!"

Kicheko kikakatika. Kisha Shamsia akajibu kwa sauti ya chini, "Sawa, dada. Wali wako nimekufunikia."