Kifo Walichomficha Kabamba

Kila adhuhuri Ndaya hufunga bukari, yaani ugali, kwa kitambaa, hutia mboga ya lengalenga kwenye bakuli na kwenda gerezani. Hapa Kolwezi, Kongo, kila mtu anajua: mfungwa asiye na ndugu hushinda na njaa. Mume wake, Kabamba, alikuwa dereva wa lori la mawe ya shaba. Siku moja ya mvua lori liliteleza, likamgonga mtu wa pikipiki. Mtu yule akafa, na Kabamba akafungwa. Mpaka leo anangoja hukumu.

Zamani, chakula cha Jumapili kilikuwa kinaletwa na mama yake Kabamba, Mama Mpoyi. Kisha mama huyo akaenda Lubudi kuvuna mahindi. Huko akashikwa na homa, akafa, wakamzika.

Banza, kaka mkubwa wa Kabamba, akakusanya jamaa.

"Mutu akiwa mu buloko, mu gereza, habamuambie kifo," alisema. "Roho yake itapasuka. Atalia siku atatoka."

Ni desturi ya upendo, sikatai. Lakini upendo nao hupotea njia. Ndaya akawa anavua kitambaa cheusi cha matanga kabla ya kufika getini, kisha anajilazimisha kucheka.

"Mama iko wapi?" Kabamba alimwuliza.

"Iko Lubudi. Anavuna mihindi."

Aliuliza tena na tena. Jibu lilikuwa lile lile. Mavuno yakaisha kila shamba, Mama Mpoyi bado anavuna! Kweli, njia ya mwongo ni fupi.

Kabamba akaacha kuuliza. Kisha akaacha kula. Hakuoga, hakulala, alikaa akitazama ukuta tu. Wafungwa wenzake wakasema amerogwa. Mlinzi mmoja akataka afungwe kamba.

"Kamba haiponyeshe mutu," alisema Florentine, muuguzi wa gereza. Akaketi chini, kando ya Kabamba, akamwuliza wazi: "Tata Kabamba, unafikiriaka kujiua?"

Watu wengi huogopa swali hilo. Wanadhani litampa mgonjwa wazo baya. Sivyo. Linampa nafasi ya kusema.

"Ndiyo, mama," Kabamba alijibu polepole. "Niliua mutu. Sasa mama yangu alinikataa. Hata uso yangu hataki kuiona."

Florentine aliondoa kamba na vitu vya hatari. Akaomba wafungwa wawili wasimwache Kabamba peke yake, akampelekea daktari habari. Kisha akawaita Ndaya na Banza.

"Mama yake iko wapi, kweli?"

Ndaya akaangua kilio. "Alikufwa. Tunamuficha."

"Tukimuambia, naye atakufwa!" Banza akafoka.

"Tata Banza, sasa hivi ndiyo iko anakufwa," Florentine alisema bila ukali. "Hii ni ugonjwa ya mawazo, haiko bulozi. Tuliuliza bafungwa ba humu: nini inabakosesha usingizi? Bengi habakusema njaa. Balisema: sijue mambo ya nyumba. Mutu mwenye hajue, anajijibu mwenyewe. Na anajijibu mubaya."

Akawaeleza namna ya kufanya. Wamwambie mchana, bila haraka. Ndugu wa damu ndiye aseme, tena kwa maneno wazi, si "mama amesafiri". Wamwache alie, wasikimbilie kumnyamazisha. Siku zitakazofuata mtu akae naye karibu, na yeye Florentine atapita kumwona. Daktari akimpa dawa, asiziache mpaka daktari mwenyewe aseme.

Kesho yake wakaketi wote wanne. Banza, mtu wa sauti kubwa, akasema polepole.

"Mudogo yangu, mama yetu alikufwa. Homa ilimuua kule Lubudi. Tulikuficha. Tulikosa."

Kabamba aligeuka, akamtazama kaka yake.

"Alikufwa?"

"Alikufwa."

"Basi, hakunikataa."

Akamwangukia kaka yake kifuani, akalia kwa sauti. Iliuma sana kumsikia. Wafungwa wakaja mmoja mmoja, wakaketi chini uani kama watu wanavyoketi matangani, wakamwimbia wimbo wa kanisani mama ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona.

Kupona hakukuja kwa siku moja. Daktari alimpa dawa, na Florentine alizungumza naye kila wiki. Polepole usingizi ukarudi. Hukumu bado haijatoka, na huzuni ya mama haijaisha, kwa sababu huzuni ya kufiwa si ugonjwa. Lakini jana Kabamba alimaliza bukari yake yote, akamrudishia mkewe bakuli.

"Ndaya," alisema, "kesho uniletee habari yote ya nyumba. Hata ile ya mubaya."

"Nitaleta," Ndaya akajibu, na safari hii hakuwa na la kuficha.