Mzambarau Juu ya Tuta

"Ukiutia shoka mti huu, Shomari, uniandikie talaka yangu siku hiyohiyo."

Mwanvua aliyasema hayo akiwa juu ya tuta la udongo, mkono mmoja kwenye shina la mzambarau, wa pili umeshika mkoba wa safari. Hakumwita mumewe "Baba Hidaya" kama ilivyokuwa desturi yake. Shomari aliliona hilo, likamchoma kuliko talaka yenyewe.

Nyuma yao bwawa lilikuwa limetulia. Shomari alilijenga katika shamba la urithi, Kisanga, miaka minane iliyopita, na siku za sikukuu watu wa Kilosa na Mikumi walikuja na familia zao kupanda boti na kula samaki. Juma lilelile bwawa lilipojaa maji mara ya kwanza, Hidaya alizaliwa. Kitovu chake kilipodondoka, wazazi walikizika juu ya tuta, wakapanda mzambarau hapohapo, kwa kuwa hapakuwa na mahali walipopapenda zaidi. Mtoto aliishi miaka mitatu, kisha homa ikamchukua kwa amri ya Mola. Mti ukabaki.

"Mama Hidaya, si mimi ninayetaka," alisema Shomari. "Muulize Elikana."

Elikana, fundi wa mabwawa kutoka Berega, alikuwa amechuchumaa chini ya tuta, mahali palipokuwa panavuja. Aliinua chupa ya maji.

"Shemeji, mwaka jana maji haya yalitoka maangavu. Leo yanatoka na tope. Mizizi imelitoboa tuta, na maji yanalila kwa ndani. Masika yakishuka litakatika, na bondeni kuna nyumba kumi na moja na madrasa."

"Fundi, una watoto?"

"Ninao wanne, Mungu ni mwema."

"Wote wazima?"

"Wote, shemeji."

"Basi niache."

Akapanda bodaboda, akaenda Malolo kwa mama yake. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Ramadhani.

Siku ya tatu simu yake ikalia kwa ujumbe wa Shomari: "Mti haujaguswa. Nangoja neno lako."

Akajibu: "Neno langu ulilisikia."

Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua macho.

"Anasemaje?"

"Anangoja ruhusa yangu, mama."

"Ajabu. Marehemu baba yako alinikatia mlimau wangu nikiwa sokoni, akaniambia umeanguka wenyewe. Ulianguka wenyewe, na kisiki kimenyooka kama meza! Miaka thelathini sijalisahau, Mungu amrehemu. Huyu wako anangoja, nawe umenuna."

"Kitovu cha mwanangu kiko pale."

Mama akauweka ungo chini. "Najua, mwanangu. Mimi ndiye niliyekifunga kitambaa."

Juma lililofuata, jirani yao Magreti akaandika: "Dada Mwanvua, bwawa lenu limekwisha maji! Idi hii wageni watapanda boti wapi?"

Mwanvua alipiga simu mara nne, Shomari hakupokea. *Limekatika,* aliwaza. *Watu wa bondeni!* Asubuhi ileile akarudi Kisanga.

Tuta lilikuwa limesimama. Mzambarau ulikuwa umesimama. Boti zote zilikuwa zimelala ubavu juu ya tope lililopasukapasuka, na Shomari alikuwa katikati yake, miguu mitupu, akiwatoa perege wa mwisho katika kidimbwi.

"Limekatika?"

"Hapana. Nilifungulia bomba la kutolea maji. Leo siku ya tisa."

"Simu hupokei!"

"Ilianguka topeni. Nisamehe."

"Na samaki?"

"Nimewagawia watu wa bondeni wafuturu. Jana mzee mmoja kaniuliza kama sina hata kuku."

Mwanvua hakucheka.

"Sikuwepo, Shomari. Ungeweza kuukata."

"Ndiyo sababu sikuukata. Hukuwepo."



"Na masika yakianza?"

"Bomba halitayaweza. Kesho katapila linakuja kulikata tuta upande ule mwingine. Maji yapite yaendako. Mti utabaki, na walio bondeni watalala salama."

"Na bwawa?"

"Halitakuwepo."

"Ndiyo kazi yako yote hii!"

"Najua."

"Umemwambia nani?"

"Nimemwambia Mola wangu, na Elikana. Elikana kaniita mwendawazimu."

"Na nalirudia mbele ya shemeji!" sauti ya fundi ilitoka chini ya tuta.

Mwanvua akateremka hadi pale palipokuwa panavuja. Akapiga magoti, akaingiza mkono katika tundu kando ya mzizi. Ulizama mpaka kwenye kiwiko. Wakati huo sauti za watoto wa madrasa zilipanda kutoka bondeni, zikirudia sura fupi ambayo Hidaya alikuwa ameanza kuihifadhi. Alibaki hapo mpaka wakaimaliza.

"Fundi, ukiung'oa, pale utajaza nini?"

"Udongo wa mfinyanzi, shemeji, tabaka kwa tabaka, nikishindilia kila moja. Siku tano zinatosha."

Akapanda tena kwa mumewe, tope likimtiririka mkononi.

"Mwambie mwenye katapila aje kuung'oa mzambarau. Tuta asiliguse pengine popote."

"Mwanvua, usinihurumie mimi."

"Wewe nimekusahau kitambo. Nimewasikia watoto wa watu wanasoma." Akanyoosha mkono. "Nipe chepe."

Chini ya mti palikuwa na miche iliyoota yenyewe kutokana na zambarau zilizoanguka. Aliuchagua mmoja, akauchimbua na bonge kubwa la udongo wake, pale walipozika kitovu. Shomari alivua kanzu yake, akaitandaza, wakalibeba bonge lile baina yao mpaka uani, mbali na tuta.

Walipokuwa wanachimba shimo, Mwanvua aliuliza bila kumtazama:

"Ile talaka niliyoidai. Uliiandika?"

"Sikuiandika."

"Kalamu ilikosekana?"

"Kalamu ilikuwepo. Mkono ulikataa."

Mwanvua akajifuta uso kwa upande wa khanga usio na tope. Akachota maji kwenye ndoo ya perege, akamimina shimoni taratibu, akisema Bismillahi.

"Shika mche usimame wima, Baba Hidaya," akasema. "Mimi nafukia."