Ngolo Hana Magamba

Nitegeeni sikio, wajukuu: amevaa fedha mwili mzima, na mfuko hana. Nani huyo? Samaki, ndiyo, mumepata. Lakini si wote, na hapo ndipo Isaïe alipoteleza.

Isaïe, fundi mekanisiani wa Butembo kule milimani, alimkuta Annette akiuza samaki bandarini Makiso, kando ya mto, kitenge chake cha manjano kimejaa magamba, mengine yamemganda mpaka kwenye nyusi. Alisimama kuuliza bei ya samaki, akasahau kununua. Baada ya wiki tatu akamletea mashine: pipa lenye matundu, makali yakiwa ndani, linazungushwa kwa pedali za baiskeli. Unatia mboto, samaki wa magamba mengi, unapiga pedali, wanatoka wamenyolewa. Wamama wa samaki wakamwita kinyozi, na Annette akacheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi moja Annette alikwenda kuteka maji. Isaïe akataka kumfurahisha: akatia beseni nzima ya ngolo, wale kambare wa ndevu, akapiga pedali kwa nguvu zake zote. Ngolo hana magamba, wajukuu. Ana ngozi tupu, na ngozi yote ikabaki ndani ya pipa. Samaki wa namna hiyo hakaushwi kwa moshi, anamegukia motoni.

"Watu wa milima," Annette alisema aliporudi, "munajua maharagwe tu."

"Nitatengeneza pipa ingine. Lakini niambie kwanza: nije kwa papa yako kukuposa, ao nisije?"

Annette akamgeuzia mgongo. Kesho yake Isaïe akapanda ndege kwenda Butembo kutafuta vyuma.

Juma lilelile majeshi mawili yakaanza kupigana mjini kwa mabomu. Siku sita Annette na papa yake walilala chini ya meza nyumbani kwao, mtaa wa Tshopo, na kilichomchoma zaidi ni jibu alilomnyima Isaïe.

Mizinga iliponyamaza alikimbilia kwenye fonia ya parokia, ile redio ya kuitana na miji ya mbali. Alphonse, mwenye kuiendesha, akamwambia kwamba mutu mumoja wa Butembo anaita kila saa, anauliza jina moja tu. Akamwonyesha: unafinya kifungo, unasema, unamaliza na "à toi", yaani zamu yako, unaachia. Foleni nzima ilikuwa inasikiliza.

Sauti ikatoka katikati ya mikwaruzo. "Annette? Uko muzima? À toi."

Alifinya, akalia, asiachie.

"Toa kidole, dada," Alphonse alisema polepole. "Ukifinya, yeye hawezi kusema."

Akaachia.

"Nasikia unalia. Basi uko muzima. Mungu asifiwe. Ile swali yangu, Annette... À toi."

Foleni ikasogea karibu. Annette akajipangusa kwa ncha ya kitenge, akafinya.

"Ukuje kwa papa. Nakungoja. À toi."