Bomba Lisilo na Tundu

Mabomba yote ya sanamu ile yalikuwa na tundu, isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lililoimba kuliko yote.

Fundi wa kuchomelea aliyeiunda ndiye pekee aliyelijua hilo. Sanamu ilisimama uwanjani katikati ya mji. Jua likipasha mabomba moto, hewa hutoka kwenye matundu kwa mluzi, na watu hukusanyika kusikiliza. Kabla haijasimamishwa, fundi alikuwa akiziba bomba la mwisho shemeji yake alipoingia karakanani kumwambia kuwa bintiye, waliyemwita Chiriku kwa domo lake, amefariki hospitalini. Akamaliza kuchomelea huku akilia na kumwita mtoto. Tundu akalisahau. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mkewe ndiye aliyesikia kwanza.

"Baba Chiriku," alinong'ona, "lile bomba linaniita. Linasema, mama, nifungulie."

"Ni upepo tu."

"Tangu lini upepo ukadeka?"

Basi ikawa kila jua likichomoza mama yule yuko uwanjani, amelikumbatia bomba lile lililonukia mafuta ya nywele za mtoto, halili, hanywi, viganja vimemtoka malengelenge, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo sauti ilivyozidi kubembeleza, naye akizidi kukonda hadi kanga ikawa haimkai kiunoni.

Fundi akamleta mganga, mwanamke asiye na maneno mengi. Akatega sikio kwenye bomba, akaliondoa upesi.

"Huyu si mtoto wenu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini. Lilijipumzisha humu, ukalifungia. Limemsoma mtoto kwenye kilio chako. Toboa litoke, la sivyo utamzika na mkeo."

Shemeji alimshika mama. Fundi akashika keekee, akatoboa. Ilipopenya tu, mama alichomoka, akabandika midomo yake kwenye tundu.

Bomba likanyamaza.

Mganga alijifuta jasho. "Mimi nimeliamuru litoke," alisema. "Pa kwenda sikuliambia."

Asubuhi iliyofuata jua liliingia dirishani, likamwangukia mke usoni. Macho yake yalikuwa yamefumba. Midomo ikafunguka.

"Baba, asante kwa kunifungulia."

Fundi alijikunyata ukutani. Kwa mganga hapakuwa mbali. Aliinuka, akafika mlangoni, akasimama hapo akilia. Kisha akarudi, akalivuta pazia lote jua liingie.

"Sema tena, mwanangu," alinong'ona.