Joto la Uani

Fuko-chuma, mashine ya kuchimba mashimo, lilikita kucha zake nane ardhini, likainamisha pua, likaanza kuzama. Halikuwa kubwa kuliko ndama, lakini lilipopita chini ya mizizi ya mparachichi, vikombe vililia kabatini na vumbi jekundu likamwagika kutoka darini. Sekela alisimama mlangoni, mkono kifuani. Juu ya dirisha la sebule ufa ulijitokeza, ukateremka ukutani mbio kama mjusi.

"Simamisha!" alipiga kelele. "Asajile, simamisha!"

Mhandisi Asajile akabonyeza kidhibiti alichovaa kiganjani. Fuko likatulia, nusu ya mwili ikiwa ardhini.

Miaka hiyo hakuna nyumba mpya iliyojengwa Mbeya bila jotoardhi. Joto la Oktoba, ambalo zamani watu wa milimani walilijua kwa kusimuliwa na wageni wa pwani, lilikuwa limewapandia mpaka huku juu na kukataa kushuka. Kila nyumba mpya ikawa na pampu-joto: mashine iliyofyonza joto vyumbani na kulipeleka udongoni kwa mabomba ya maji, kisha Juni, baridi ilipouma, ikalirudisha ndani. Kwa nyumba mpya hilo lilikuwa jambo dogo. Nyumba hii ilikuwa ya matofali ya kuchoma, aliyoyafyatua kwa mikono yake marehemu baba mkwe wa Sekela, na udongo ndio ulioyashikilia, si saruji.

"Dada, njia ni mbili tu," Asajile alisema, akiupapasa ule ufa. "Ya kwanza ndiyo hii, shimo la wima, refu, joto liende mbali chini. Ila nikiendelea, ukuta huu sina hakika nao. Ya pili ni mitaro ya kulala. Tunatandaza mabomba uani, chini kidogo tu. Nyumba haitatikisika hata punje."

Sekela akatazama uani. Palikuwa na kaburi. Gwamaka, mumewe, alikuwa amelala pale tangu Oktoba iliyopita. Siku hiyo alirudi kazini akilalamikia kichwa, akajilaza ndani apumzike, na ndani kulikuwa tanuri. Walipomwamsha hakuamka.

"Tutalizunguka," Asajile alisema kwa sauti ya chini. "Mabomba yatapita kando. Joto husambaa kidogo, lakini kaburi halitaguswa."

Sekela aliitikia kwa kichwa. Neno *husambaa* alilisikia, likampita.

Aliyebaki kushawishiwa alikuwa mama mkwe wake, Bi Tulinagwe. Mkononi alivaa bangili-moyo, chombo cha hospitali kilichohesabu mapigo yake na kulia kila alasiri, jua lilipokaza. Yeye alikizima kama mtu afukuzaye nzi.

"Mimi msinisumbue," alisema. "Joto lililomtosha mwanangu litanitosha na mimi."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisemeje, basi?"

Sekela aliwaruhusu mafundi hata hivyo. Mitaro ikachimbwa, mabomba yakatandazwa, udongo ukarudishwa. Pampu ilipowashwa, nyumba ikapoa mpaka Bi Tulinagwe akajifunika khanga na kulala mchana kutwa. Bangili ikanyamaza. Majirani walikuja kupongeza, wakakaa zaidi ya ilivyo kawaida ya pongezi.

Sekela peke yake hakutulia. Alikuwa akiinuka, akikaa, akifungua mlango na kuufunga, akisikiliza ule mvumo mwembamba wa pampu kana kwamba kuna mtu anamnong'oneza asimsikie vizuri.

Jioni moja Bi Tulinagwe alitoka na ndoo kumwagilia maua ya kaburini.

"Sekela! Njoo hapa."

Maua yalikuwa yamekauka kuanzia chini, mashina meusi, vichwa bado vina rangi. Mama alikuwa amepiga magoti, viganja vyote viwili juu ya udongo.

"Weka mkono."

Sekela akauweka, akautoa haraka. Upepo wa jioni ulikuwa wa baridi; udongo ulikuwa na joto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa.

"Joto hili limetoka wapi?"

"Limetoka chumbani kwako, Mama."

Bi Tulinagwe aliiondoa mikono udongoni. Kisha akasema polepole, "Yaani lile lililomuua ndani, tumelitoa, tukamfunika nalo."

Sekela alikimbia ndani akazima pampu.

Kesho yake jua halikuwa na huruma. Kufika adhuhuri kuta zilikuwa zimemeza joto na zinalitema. Sekela alikuwa jikoni bangili ilipopiga yowe. Alimkuta mama mkwe wake sakafuni, midomo imekauka, macho yametazama darini. Hakufikiri. Aliwasha pampu kwa mkono wake mwenyewe, akamwita daktari, akakaa akimkanda kwa kitambaa cha maji, amelipa dirisha mgongo ili asiuone ua.

Daktari alipokwisha kwenda, Bi Tulinagwe alifumbua macho.

"Umewasha?"

"Nimewasha."

"Ukijua linakokwenda?"

"Nikijua." Machozi yalimtoka Sekela bila sauti. "Ningefanyaje, Mama? Yeye hawezi kufa mara mbili. Wewe ulikuwa unakufa."

Mama alijiinua kwa kiwiko.

"Lile fuko," alisema mwishowe. "Mwite kijana wako alirudishe."

"Ukuta utaanguka. Ni kazi ya Baba ile."

"Baba aliujenga, lakini hakuuzaa. Gwamaka nilimzaa."

Bi Tulinagwe akapelekwa kwa jirani kwenye ubaridi, na fuko-chuma likaendelea pale lilipoachia. Liliposhuka kufikia mwamba, ukuta wa sebule ulitoa mguno, ukalala barabarani wote kwa mara moja. Wapita njia wakaona makochi, kabati, picha ya harusi. Sekela alisimama katikati ya vumbi, asijue kama amebomoa au ameokoa.

Mabomba ya uani yakafungwa. Joto likapelekwa chini kabisa, kwenye mwamba, na vyumba viwili vya nyuma vikapoa tena.

Bi Tulinagwe aliporudi aliyapita matofali bila kuyatazama, akamwendea Asajile aliyekuwa akikusanya vifaa.

"Mwanangu, pale kaburini patapoa lini?"

Asajile alijikuna kidevu. "Udongo haupoi upesi, Mama. Maji ya mvua ndiyo yatakayolisafirisha lile joto. Msimu huu hautatosha. Labda mvua za mwaka kesho nazo ziishe."

Mama alisimama akihesabu kichwani. Kisha akaivuta bangili-moyo, akaikaza vizuri mkononi.

"Sekela," aliita, "nitandikie kile chumba chenye ubaridi. Inanibidi nifike mwaka kesho."