Kidole cha Dagane

"Mwewe, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Lori la maji linaelekea Hulugho. Njiani kuna bomu. Mtegaji yuko hapo hotelini kwako. Alisomea Kismayu, kwa Wataliano. Mtaje."

"Dereva nani?"

"Bare."

Kaaha akazima redio, akaifunika kwa gunia la unga. Bare alikuwa kaka yake. Akangoja moyo ushtuke.

Haukushtuka. Tangu waasi wa shifta waanze kushambulia na serikali ijibu, moyo wake ulikufa ganzi kama mguu uliokaliwa.

Akachukua sinia, akaenda kuuza chai.

Wateja walikuwa wawili. Sugow wa hapa hapa Garissa, na Dagane aliyesema ametoka Eldas kununua mbuzi. Wote waliapa hawajavuka mpaka kuingia Somalia.

Kaaha akafungulia transista ya Philips. Mogadishu ilikuwa inasoma habari kwa Kitaliano.

"Abaayo, dada yangu, zima hiyo!" Sugow akacheka. "Mimi najua neno moja tu. Basta!"

"Umeshinda mimi," Dagane akasema. "Mimi mtu ya ngamia. Hata Kiswahili yangu ni ya kuomba."

Mkono wa Kaaha ulikuwa chini ya sinia, kwenye bastola ya Webley. Mdomo wake ulikuwa umemwelekea Sugow. Mwenye neno la Kitaliano si ndiye huyo?

Lakini Kaaha naye alisomea Kismayu. Kule sista alifundisha vitenzi vya Kitaliano kwa kidole. Kila silabi, gonga dawati. Pale sauti inapoegemea, gonga kwa nguvu. Ukikosea, rula.

Akazima transista. Akafuta meza, akiimba chini chini kama mtu anayewaza mengine.

"Parlo. Parli. Parla."

Sugow alikuwa anakoroga sukari.

Kidole cha Dagane kikagonga glasi. Kwa nguvu, kisha polepole. Kwa nguvu, kisha polepole.

"Parliamo. Parlate."

Uzito ukahamia katikati. Kidole kikahama nao.

"Parlano."

Uzito ukarudi mwanzo. Kidole nacho.

Dagane akakitazama kidole chake. Kaaha naye alikuwa anakitazama.

Mkono mwingine wa Dagane ukaingia kwenye kikoi, kutafuta bastola yake, Beretta. Mdomo wa Webley ulishamfikia mbavuni.

Sugow akamwaga chai, akakimbia.

"Sista alikupiga wapi?" Dagane akauliza taratibu.

"Kwenye vifundo vya vidole."

"Mimi pia."

"Dereva wa lori ni kaka yangu. Bomu liko wapi? Askari wakifika kabla hujasema, hawatakuuliza kwa mdomo."

Dagane akafumba macho.

"Laga ya pili. Pale lori zinavuka mchanga wa mto mkavu."

Kaaha akamwondolea Beretta, akavuta gunia, akawasha redio.

"Mwewe hapa. Ni Dagane. Laga ya pili. Simamisha lori."

Redio ikakwaruza. Ikakwaruza tena.

"Limesimama. Dereva anauliza nani kamwokoa."

"Mwambie hakuna mtu."

Askari wakaingia. Kaaha hakungoja kuona. Akasuuza glasi ya Dagane, akaipindua ikauke, akajitanda shashi kichwani, akashika njia ya darajani.

Katikati ya daraja akahisi kitu pajani. Kidole chake kilikuwa kinagonga, kwa nguvu, kisha polepole.

Akakunja ngumi, akaendelea kutembea.